Musofir: vibarua na wanafunzi wa Uzbekistan, na siasa zinazowasindikiza

Ijumaa ya tarehe 13 Septemba 2024, Rais William Ruto alikuwa Berlin akishuhudia Kenya na Ujerumani zikitiliana saini mkataba wa uhamiaji. Habari ikachemka. Ikatajwa idadi ya Wakenya 250,000 watakaopata kazi, na serikali ya Ujerumani ikalazimika kukanusha upesi kwamba hakuna hesabu ya namna hiyo popote kwenye mkataba. Kilichopita bila kelele kwetu ni safari iliyofuata ya Kansela Olaf Scholz. Jumapili, siku mbili tu baadaye, alikuwa Samarkand, na Uzbekistan nayo ikasaini mkataba wa aina ileile: tutawafungulia mlango kidogo wenye ujuzi, nanyi mtawapokea bila ubishi wale tutakaowarudisha.

Kumbe foleni tuliyopanga sisi, Wauzbeki nao wamo, na wao wana ujuzi wa foleni. Nchi hiyo ina watu zaidi ya milioni 37, wengi kuliko jirani yeyote wa Asia ya Kati. Haina bahari, na majirani zake wote hawana bahari. Duniani kote nchi nyingine ya hivyo ni Liechtenstein tu. Mwaka 2023 walizaliwa watoto zaidi ya 900,000. Kila mwaka vijana wanaoingia kutafuta kazi ni wengi kuliko ajira zinazofunguliwa, na hesabu hiyo imekuwa hivyo tangu uhuru wa 1991.

Mtu aliyeondoka kwao kwenda kutafuta, Mwuzbeki humwita *musofir*. Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani hapo: ni msafiri wetu huyuhuyu, ametoka kwenye Kiarabu kilekile kilichotupa sisi safari, habari, wakati na dunia, ambazo wao hutamka safar, xabar, vaqt na dunyo. Ila neno lao lina uzito ambao letu halina. Musofir ni msafiri na mgeni kwa wakati mmoja, mtu asiye na jamaa wa kumtetea. Hali yake huitwa *musofirchilik*, na mama wa kijijini katika bonde la Fergana, mashariki mwa nchi, akilitamka neno hilo huwa analalamika, hasimulii matembezi.

Lipo neno la pili, *mardikor*. Asili yake ni Kiajemi: mard ni mwanamume, kor ni kazi. Leo ni kibarua wa kutwa, yule anayesimama alfajiri kwenye *mardikor bozori*, kijiwe cha vibarua kando ya barabara, akisubiri gari lipunguze mwendo na mtu ateremshe kioo aseme anataka watu watatu wa kuchimba msingi. Lakini mwaka 1916 mardikor alikuwa mtu mwingine. Tsar Nicholas II, vita vikiwa vimemlemea, alitoa amri wanaume wa Turkestan wachukuliwe kwenda kufanya kazi za nyuma ya mstari wa mbele: kuchimba mahandaki, kubeba mizigo, kujenga reli. Watu wakaasi kuanzia Khujand hadi Jizzakh, wakapigwa vibaya, na maelfu wakapelekwa hata hivyo. Wale waliopelekwa ndio walioitwa mardikor. Kwa hiyo neno linalotumika leo kwa kijana anayekwenda kupiga lipu Moscow lina zaidi ya miaka mia moja ya kumhusisha mtu huyo na Urusi, na mara ya kwanza hakwenda kwa hiari. Mkikumbuka hilo, mambo ya 2022 na kuendelea yatasomeka vizuri zaidi.

Kibandiko ndani ya pasi

Wakati wa Wasovieti, ajabu ni kwamba Wauzbeki hawakuhama. Mashamba ya pamba yalimeza mikono yote. Ni baada ya 1991, mashamba ya ushirika yalipovunjwa na viwanda kufungwa, ndipo kijiji kilibaki na watu wengi kuliko kazi. Miaka ya 2000 bei ya mafuta ikapanda, Moscow ikaanza kujengwa upya, na Urusi yenyewe ikawa inazeeka. Raia wa Uzbekistan aliingia huko bila viza, na Kirusi cha shuleni alikuwa nacho. Mkondo ukafunguka wenyewe, bila mkataba wowote wa maana.

Rais Islam Karimov, aliyetawala hadi kifo chake mwaka 2016, hakutaka kuuona. Mtu akitaka kutoka nje ya zile nchi chache za uliokuwa Muungano wa Sovieti alihitaji ruhusa ya kutoka, kibandiko ndani ya pasi, urithi mtupu wa Kisovieti. Mwaka 2013 alisema hadharani kwamba anaowaita wavivu ni wale wanaokwenda Moscow kufagia barabara na viwanja vyake. Mwaka huohuo wavivu hao walituma nyumbani zaidi ya dola bilioni 6 kutoka Urusi. Sijui mvivu gani mwingine duniani ana rekodi ya namna hiyo.

Aibu ilikuwa na sababu ya kisiasa. Karimov alijenga hoja yake yote juu ya kujitegemea: tuna dhahabu, tuna gesi, tuna pamba, hatumhitaji mtu. Kukiri kwamba mamilioni wanafagia mji mkuu wa mkoloni wa zamani kungeiharibu hoja. Tena aliogopa watu wanaotoka na kurudi na mawazo. Hapa wanafunzi ndio walioumia kwanza.

Miaka ya mwanzo ya uhuru, Uturuki ilizipa jamhuri zinazosema lugha za Kituruki maelfu ya nafasi za masomo. Vijana wa Kiuzbeki wakaenda Istanbul na Ankara. Mwaka 1993 mshairi na mpinzani Muhammad Salih, aliyekuwa amesimama dhidi ya Karimov kwenye uchaguzi wa urais wa Desemba 1991, akakimbilia Uturuki. Tashkent, yaani serikali ya Uzbekistan, ikakasirika, na ikawaita wanafunzi warudi nyumbani. Hawakuwa wamefeli mtihani wala kuvunja sheria. Kosa lao lilikuwa kusoma katika nchi ambayo rais wao amegombana nayo. Baadaye, mwaka 1997, Karimov mwenyewe alianzisha mfuko ulioitwa Umid, yaani tumaini, kupeleka vijana hodari Marekani na Ulaya. Nao haukumaliza hata miaka kumi kabla ya kufumuliwa.

Ukiitazama sera ya nje ya Karimov utaona mwendo huohuo wa kufungua na kufunga. Mwaka 1999 alitoka kwenye mkataba wa ulinzi unaoongozwa na Urusi. Mwaka 2001 aliwapa Wamarekani kambi ya Karshi-Khanabad kwa vita vya Afghanistan. Mei 2005 majeshi yake yakawafyatulia risasi waandamanaji katika mji wa Andijan, nchi za Magharibi zikapiga kelele, naye akawafukuza Wamarekani ndani ya mwaka huohuo, akasaini mkataba wa ushirika na Urusi na kurudi kwenye ule mkataba wa ulinzi mwaka 2006. Mwaka 2012 akajitoa tena, na sera mpya ikaandikwa: hakuna kambi ya kigeni, hakuna kujiunga na muungano wa kijeshi, hakuna askari wetu kwenda kupigana nje. Maneno hayo ya 2012 yako hai mpaka leo.

Kadi moja, neno moja

Shavkat Mirziyoyev alikuwa waziri mkuu wa Karimov kwa miaka 13, kwa hiyo wachache walitegemea mageuzi. Lakini alipoingia madarakani alifanya jambo ambalo mtangulizi wake hakuweza: alikiri kwamba wahamiaji wapo. Aprili 2017, katika ziara yake ya kwanza ya kitaifa Moscow, yakasainiwa makubaliano ya kuajiri watu kwa utaratibu. Septemba mwaka huo sarafu ya som ikaachiwa ielee, na tangu hapo mke wa kibarua aliyepokea dola hakulazimika kuzibadilisha kwa mchuuzi wa gizani. Tarehe 1 Januari 2019 kibandiko cha kutokea kikafutwa. Mipaka na majirani ikafunguliwa. Watu wa Andijan wakaweza tena kuvuka kwenda Osh, upande wa Kirgizia, kuzika na kuozesha.

Sasa tusimame Moscow kidogo, maana bila kuelewa karatasi za huko huwezi kuelewa diplomasia yenyewe.

Mwuzbeki akitua Urusi haombi viza, anajaza kadi ya uhamiaji. Kwenye kadi kuna sehemu ya sababu ya safari, na lazima aweke alama kwenye neno *rabota*, kazi. Akikosea akaweka utalii au kutembelea jamaa, basi, hawezi kuomba kibali cha kazi kwa kadi ile. Akiweka sawasawa, ana siku 30 za kuomba kile kinachoitwa *patent*. Kwa Moscow huenda kituo cha Sakharovo, nje kabisa ya jiji, eneo kubwa la majengo na foleni ambalo kila mhamiaji analijua kwa jina. Huko huchukuliwa alama za vidole, hupimwa damu, hutafsiriwa pasi, hulipa bima, hufanya mtihani wa lugha ya Kirusi, historia na sheria za nchi. Akishapata, hulipa kila mwezi, mapema. Mwaka 2025 ada ya Moscow ilikuwa rubo 8,900, kama dola 100. Akichelewa kulipa, kibali kinakufa chenyewe, naye anageuka mtu asiye na karatasi bila kusogea alipokaa. Wabongo wana neno lao, kubeba boksi. Huyu kabla ya kulibeba boksi keshalilipia.

Utaratibu huu ulianza Januari 2015. Agosti mwaka huohuo Kirgizia ikajiunga na Umoja wa Kiuchumi wa Eurasia, umoja wa forodha unaoongozwa na Urusi. Kuanzia siku hiyo Mkirgizi hahitaji patent. Chukua vijana wawili kutoka bonde la Fergana, vijiji vyao vinatazamana mpakani, mmoja ana pasi ya Kirgizia na mwingine ya Uzbekistan: wa kwanza anaingia kazini kwa mkataba tu, wa pili anakwenda Sakharovo.

Hapo ndipo ilipo karata kubwa ya Moscow. Kwa miaka mingi wanasiasa wa Urusi wamekuwa wakiiambia Uzbekistan: ingieni kwenye umoja, watu wenu wapumue. Desemba 2020 Tashkent ikakubali nusu, ikawa mwangalizi. Imebaki hapo. Kuingia kwa ukamilifu kungepunguzia shida watu wanaokaribia milioni moja au zaidi, na wala si siri kwamba ndani ya serikali wapo walioona faida hiyo. Lakini kungeikabidhi Moscow sauti juu ya ushuru wa forodha wa Uzbekistan, kungeivuruga azma yake ya kuingia Shirika la Biashara Duniani, na baada ya Urusi kuivamia Ukraine Februari 2022 kungeifungamanisha na uchumi uliowekewa vikwazo. Kwa maoni yangu hii ndiyo hesabu ngumu kuliko zote za sera ya nje ya nchi hiyo: uhuru wa taifa unalipiwa ada na kibarua, kila mwezi.

Pesa iliyoongezeka vita vilipoanza

Urusi ilipochukua Crimea mwaka 2014 na mafuta kuporomoka, rubo ilianguka kwa kiasi cha nusu. Pesa za Wauzbeki zilizokuwa zaidi ya dola bilioni 5 mwaka 2014 zikawa kama bilioni 3 mwaka 2015. Kazi ileile, saa zilezile, nusu ya nyumba ikabaki bila paa. Kwa hiyo vita vikubwa vilipoanza Februari 2022, wachumi wengi walitabiri msiba wa pili.

Ikawa kinyume. Benki Kuu ya Uzbekistan ilihesabu dola bilioni 16.9 zilizoingia mwaka 2022, maradufu ya mwaka uliotangulia, karibu moja ya tano ya pato la taifa. Kwa kulinganisha, Kenya nzima ilipokea dola bilioni 4.9 kutoka kwa watu wake wa ughaibuni mwaka 2024, na huo ulikuwa mwaka wa rekodi. Lakini tahadhari: si jasho lote hilo. Rubo iliimarishwa kwa nguvu katikati ya 2022, na Septemba, baada ya tangazo la kuandikisha watu jeshini, Warusi wenyewe walimiminika Tashkent na Samarkand na akiba zao. Pesa zao zikapita kwenye mabomba yaleyale ya vibarua. Mwaka 2023 zikashuka hadi bilioni 11.4, mwaka 2024 zikapanda hadi 14.8, na zaidi ya robo tatu bado zilitoka Urusi.

Ukiwa na hesabu hiyo mkononi, msimamo wa Tashkent juu ya vita unaeleweka. Machi 17, 2022, Waziri wa Mambo ya Nje Abdulaziz Kamilov aliliambia Seneti kwamba Uzbekistan inaitambua Ukraine katika mipaka yake na haitazitambua "jamhuri" za Luhansk na Donetsk. Kwa nchi ya Asia ya Kati lilikuwa neno zito. Wiki chache baadaye Kamilov hakuwa tena kwenye kiti hicho, na maneno yale hayakurudiwa kwa sauti ileile, ingawa hayakufutwa. Septemba 2022 mtandao wa kadi wa UzCard ukaacha kupokea kadi za Kirusi za Mir kwa kuogopa vikwazo vya Marekani. Na Oktoba 2023 Uzbekistan, iliyokuwa ikijisifu kwa gesi yake, ikaanza kununua gesi ya Urusi. Huku anakataa, huku ananunua. Mshika mbili moja humponyoka, wahenga walisema, lakini Tashkent ingewajibu kwamba kwa nchi iliyo mahali pale, anayeshika moja ndiye anayeponyokwa na vyote.

Vibarua wenyewe vita vimewafikia mwilini. Urusi ilitangaza njia ya mkato ya uraia kwa mgeni atakayesaini mkataba na jeshi. Tashkent ikajibu kwa kuwakumbusha raia wake kifungu cha 154 cha sheria ya jinai: kupigana vita vya wengine kwa malipo ni uaskari wa kukodiwa, na kifungo kipo. Waliorudi wakashtakiwa, wakafungwa. Waliokuwa wamechukua uraia wa Urusi kwa kukimbia usumbufu wa patent wakajikuta wameangukia mahali pabaya zaidi. Katikati ya 2024 Alexander Bastrykin, mkuu wa Kamati ya Uchunguzi ya Urusi, alijigamba kwamba raia wapya zaidi ya 30,000 waliokwepa kujiandikisha jeshini wamekamatwa na kama 10,000 wameshapelekwa eneo la vita. Baadhi ya misako ilifanywa kwenye misikiti na masoko. Mardikor wa 1916 angeitambua habari hiyo mara moja.

Kisha ukaja usiku wa tarehe 22 Machi 2024. Watu zaidi ya 140 waliuawa katika ukumbi wa Crocus City Hall, na watuhumiwa wakuu walikuwa raia wa Tajikistan. Polisi wa barabarani hatofautishi Mtajiki na Mwuzbeki; wote kwake ni sura moja. Watu wakarudishwa viwanja vya ndege, wakalala sakafuni siku kadhaa. Februari 2025 ikaanzishwa orodha ya "watu wanaodhibitiwa": aliye na karatasi zilizokwisha muda hawezi kufunga ndoa rasmi, kuendesha gari wala kununua nyumba. Aprili 2025 watoto wa wahamiaji wakazuiwa kuingia shule bila kufaulu mtihani wa Kirusi, lugha ambayo sasa wangejifunzia wapi?

Kilichoiudhi Tashkent kuliko yote, hata hivyo, kilikuwa kauli. Desemba 2023 mwandishi na mwanasiasa Zakhar Prilepin alisema kwamba nchi ambazo raia wake wanakuja kufanya kazi Urusi zichukuliwe tu ziwe sehemu ya Urusi, akaitaja Uzbekistan na mamilioni yake ya vibarua. Wizara ya Mambo ya Nje ikamwita balozi wa Urusi ajieleze. Moscow ikasema hayo ni mawazo ya mtu binafsi. Inawezekana. Lakini tazama namna hoja ilivyogeuka: mtu anayekwenda kufagia mtaa wa jirani amekuwa sababu ya jirani kudai nyumba yake.

Na bado, nani anamhitaji nani? Ukosefu wa ajira Urusi ulishuka mwaka 2024 hadi chini ya asilimia 3. Vijana wako vitani, wengine wamekimbia, viwanda vya silaha vinameza waliobaki. Majengo hayajengwi kwa hotuba. Ndiyo maana kila kelele za kufukuza wageni Moscow huishia kupandisha ada, na mlango unabaki wazi. Serikali inapiga ngoma kwa wapiga kura, na waajiri wanafungua mlango wa nyuma.

Kutawanya watu kama unavyotawanya marafiki

Jibu la Mirziyoyev limekuwa kuwaelekeza watu kwingine. Kuna vituo vya mafunzo vinavyoitwa *Ishga marhamat*, maana yake karibu kazini, vinavyofundisha uchomeleaji, umeme, ushonaji na lugha. Kuna shirika la serikali la uhamiaji lenye kazi ya kutafuta mikataba nje. Serikali huchangia gharama za viza na mitihani ya lugha kwa wanaokwenda nchi tajiri.

Korea Kusini ndiyo ndoto kubwa, na sababu yake ina historia ya ajabu. Mwaka 1937 Stalin aliwahamisha kwa nguvu Wakorea zaidi ya 170,000 kutoka Mashariki ya Mbali, akawatupa Kazakhstan na Uzbekistan wakiwa na mabunda yao tu. Walibaki, wakalima, wakachanganyika. Saladi yao ya karoti iko kila soko la Tashkent. Uhuru ulipokuja, Seoul ikapata daraja lililokwisha kujengwa. Ikaleta kiwanda cha magari katika mji wa Asaka, ikaleta Chuo Kikuu cha Inha mwaka 2014, na ikafungua nafasi za kazi kwa mtihani wa Kikorea. Kima cha chini cha mshahara huko mwaka 2024 kilikuwa kama dola 1,500 kwa mwezi. Ukikosea swali unasubiri duru nyingine, na wanaosubiri ni wengi kuliko nafasi mara nyingi.

Uturuki nayo inapokea, hasa wanawake: walezi wa wazee na watoto, wauzaji na washonaji wa mitaa ya Laleli na Kumkapı, Istanbul. Kazakhstan ni karibu na haina makuu. Uingereza, baada ya kujitoa Ulaya, ikagundua Asia ya Kati kwa ajili ya kuchuma matunda, na Wauzbeki wakapanda ndege kwenda kuokota stroberi kwa miezi sita. Sisi watu wa pwani tunaowajua dada zetu waliokwenda Oman na Saudia tutaona jambo moja mapema: kadiri kazi ilivyo ndani ya nyumba ya mtu, ndivyo mkataba wa serikali unavyoifikia kwa shida.

Wapo pia waliopita njia ndefu, wakifika Mexico na kuvuka mpaka wa Marekani. Aprili 2025 ikatokea jambo lisilo la kawaida: Uzbekistan yenyewe ililipia ndege ya kuwarudisha watu zaidi ya 100 waliofukuzwa Marekani, wakiwemo raia wa Kazakhstan na Kirgizia. Washington ikashukuru hadharani. Nchi nyingine zilikuwa zikigoma kupokea ndege hizo. Tashkent ikaona fursa ya kununua urafiki kwa bei ya nauli. Waliokuwa ndani, wengi wakiwa wameuza mali kulipa mawakala, hawakuulizwa.

Mwanafunzi naye

Wanafunzi huandikwa kwenye takwimu tofauti na vibarua, lakini maishani mstari huo ni mwembamba. Chanzo cha wanafunzi kutoka kilikuwa nyumbani. Kwa takwimu za serikali yenyewe, mwaka 2016 vyuo vikuu vya Uzbekistan viliweza kuchukua asilimia 9 tu ya waliomaliza shule. Mtihani mmoja kwa mwaka, na hongo ikizungumzwa kama bei ya nyama. Aliyekosa akavuka mpaka: Osh ya Kirgizia, Khujand ya Tajikistan, Shymkent ya Kazakhstan. Kozi nyingine zilikuwa za mbali, mtu anaonekana mara mbili kwa mwaka kulipa na kusaini. Miaka michache baadaye maelfu wakaomba kuhamia vyuo vya nyumbani na vyeti vyao vya Kirgizia na Tajikistan, na wizara ikabidi iweke mitihani na vizuizi, maana mlango wa nyuma ulikuwa umeshakuwa mpana kuliko wa mbele. UNESCO iliwahesabu Wauzbeki wanaosoma nje kuwa zaidi ya 100,000, idadi inayoiweka nchi hiyo miongoni mwa wasafirishaji wakubwa wa wanafunzi duniani.

Na wengi wanafanya kazi. Urusi tangu 2020 humruhusu mwanafunzi wa kutwa kufanya kazi bila patent, kwa hiyo ada ya chuo kidogo cha mkoani inaweza kuwa nafuu kuliko Sakharovo. Korea mwanafunzi wa lugha hupiga zamu usiku kiwandani. Wengine hutoweka darasani kabisa, na vyuo vyenye watoro wengi hunyimwa haki ya kualika wageni.

Wakati huohuo madola yamegundua kwamba ni rahisi kuleta chuo kuliko kuleta mwanafunzi. Tashkent ina Westminster ya Uingereza tangu 2002, ina Inha ya Wakorea, ina matawi ya vyuo vya Urusi kuanzia Chuo Kikuu cha Moscow hadi MGIMO, shule ya wanadiplomasia. Chuo cha Rosatom, shirika la nyuklia la serikali ya Urusi, kiitwacho MEPhI, kilifika kufuatana na mpango wa kinu cha nyuklia. Mtu anayejifunza uhandisi wa kinu kwa Kirusi hatabadilisha mwelekeo kwa sababu rais amepeana mkono na mtu Brussels. Serikali nayo, mwaka 2018, ilifufua wazo la Umid kwa jina la *El-yurt umidi*, tumaini la taifa: inawalipia vijana shahada za juu popote penye vyuo bora, kwa sharti la kurudi na kutumikia. Hata wizarani sasa utawakuta waliosoma London na Seoul wakikaa meza moja na waliosoma Moscow, na mijadala yao, nasikia, haiendi kwa lugha moja.

Mkataba wa Samarkand na Ujerumani umesimama hapohapo kati ya mwanafunzi na kibarua: unahitaji wauguzi, mafundi na madereva wanaokijua Kijerumani. Kijana wa Samarkand anayetaka kwenda atakaa darasani miezi mingi akipambana na der, die na das, alipe mtihani, cheti chake kitambuliwe, viza isubiriwe ubalozini. Binamu yake yuko Moscow, amempigia simu jana, kuna nafasi kwenye jengo lao na kitanda kwenye chumba chao. Ndege ya kutoka Tashkent huchukua kama saa nne, haitaki viza, na kwenye kadi ya uhamiaji ni neno moja tu la kukumbuka kulitia alama.